Simu, bando na serikali: maswali ninayoulizwa kila siku chini ya mwamvuli

Nimekaa miaka kadhaa chini ya mwamvuli nasajili laini na kutoa hela, kwa iyo maswali haya sijayatunga. Ni yaleyale kila wiki, mtu anakuja kuweka buku jero, anaanza na salamu anamalizia na serikali. Nimeamua niyaandike mara moja tu, pale penye maneno nitakaa, pale pasipo na maneno nitapita. Kitu kimoja mkibebe toka mwanzo: kwenye simu hapa Tanzania serikali ni refa, ni mchezaji, alafu ndo inayokata tiketi getini. Ukilijua hilo mengi utaanza kuyaona mwenyewe.

Zamani simu zilikuwa za nani?

Za Jumuiya. Kulikuwa na shirika moja la posta na simu la Afrika Mashariki, linahudumia Kenya, Uganda na sisi. Jumuiya ilipovunjika 1977 kila nchi ikabeba chake, sisi tukabaki na Shirika la Posta na Simu Tanzania, ambalo hilohilo lilipeleka barua, lilifunga simu na lilijisimamia lenyewe, yani hakuna wa kulishtakia. Kuomba simu ya mezani nyumbani ilikuwa kama kuomba kiwanja, unaandika barua, unasubiri miaka, unamjua mtu au humjui. Waliokuwa nayo mtaani walikuwa wanaipiga kufuli, kakufuli kadogo kanaingizwa kwenye lile duara la kuzungushia namba, ili watoto na majirani wapokee tu wasipige. Vijana wa saivi ukiwaambia wanadhani unawatania.

Nani sasa aliruhusu makampuni binafsi?

Bunge, 1993. Ilipitishwa sheria ya mawasiliano ikalipasua lile shirika vipande vitatu kuanzia Januari 1994: posta ikawa shirika lake, simu zikawa kampuni ya TTCL, na usimamizi ukapewa Tume ya Mawasiliano. Mwaka huohuo wa 1994 Mobitel ikaanza simu za mkononi Dar, zile simu nene za wakubwa. Ikaja Tritel, hii wengi wameshaisahau maana ilikufa. Zantel ikatokea Zanzibar 1999, Vodacom ikaanza kazi 2000, Celtel 2001. Kabla ya hao wa mwisho, 1997, ilikuwa imeshatoka Sera ya Taifa ya Mawasiliano ya Simu iliyosema wazi kwamba sekta binafsi iingie.

Uone kasi yake, mwaka 2000 simu za mezani zilikuwa bado nyingi kuliko za mkononi, mezani 170,000 na ushee, mkononi 110,000 na kidogo. Kufika mwisho wa 2024 laini za simu zimepita milioni 80. Hizo ni laini lakini, siyo watu, maana wewe unayesoma hapa una ngapi?

Mbona majina yanabadilika kila siku, ni kampuni mpya?

Hapana, ni wenye mali wanabadilika. Mobitel ikawa Buzz, ikawa Tigo, tangu Novemba 2024 ndo Yas. Celtel ikawa Zain, ikawa Airtel mwaka 2010. Na namba nazo zilishabadilishwa katikati hapo, aliyekuwa na 0744 akajikuta 0754, wa 0741 akawa 0713, wa 0748 akawa 0784. Mpaka leo kuna mabango ya maduka yana namba za 0744 na rangi imepauka.

TTCL iliuzwa au haikuuzwa? Na Airtel ni ya serikali kweli?

Hili ndo swali linalochukua muda, kaa.

Februari 2001 serikali iliuza asilimia 35 ya TTCL kwa wawekezaji wawili waliokuja pamoja, MSI ya Uholanzi na Detecon ya Ujerumani. Bei ilitakiwa dola milioni 120, wakatoa 60, zilizobaki zikawa ugomvi wa muda mrefu. Pamoja na hisa TTCL ikapewa miaka minne ya kuwa peke yake kwenye simu za mezani, ili ipumue kabla ya ushindani. Ndani ya muda huo ikazaliwa Celtel Tanzania chini ya TTCL, alafu 2005 zikatenganishwa, na ukiniuliza mimi hapo ndo penye utamu wote, maana mtoto akaondoka na mustakabali wa simu za mkononi, mama akabaki na nyaya za shaba zinazoibiwa kwenye nguzo. Serikali ilibaki na asilimia 40 kwenye ile kampuni ya mkononi, na mwekezaji akabaki na zile 35 zake za TTCL, zikirithishwa kila mwenye mali anapobadilika mpaka zikafika mikononi mwa Bharti Airtel ya India.

2016 serikali ikazinunua tena zile 35 kwa shilingi bilioni 14.9, TTCL ikawa ya umma mia kwa mia, na sheria ya 2017 ikaigeuza kuwa Shirika la Mawasiliano Tanzania. Desemba 2017 Rais Magufuli akaibua kwamba hata Airtel Tanzania ilikuwa ya TTCL na ilichukuliwa kiujanjaujanja. Wakakaa mezani zaidi ya mwaka, 2019 wakakubaliana serikali itoke asilimia 40 ifike 49, Bharti abaki na 51. Kwa iyo jibu ni nusu kasoro moja.

Sasa hesabu mwenyewe: serikali ina TTCL yote, ina karibu nusu ya Airtel, na ndo hiyohiyo inateua bodi ya anayewasimamia Vodacom na Halotel. Sisemi kuna mtu anapendelewa, nasema refa ana ndugu wawili uwanjani.

TCRA ni nini hasa, mbona wapo kwenye redio, posta, mpaka blogu?

Kwa sababu zilikuwa tume mbili zikaunganishwa. Moja ya mawasiliano, nyingine ya utangazaji, sheria ya 2003 ikazifanya kitu kimoja na TCRA, yani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ikaanza kazi Novemba mwaka huo. Alafu Februari 2005 ile miaka minne ya TTCL ikaisha, wakaja na mfumo mpya wa leseni ambao kwa kweli ulikuwa wa kisasa kuliko wa nchi nyingi za Afrika wakati ule. Badala ya kutoa leseni ya simu ya mezani, leseni ya simu ya mkononi, leseni ya intaneti, wakasema leseni ni nne tu: ya kujenga miundombinu, ya kuendesha mtandao, ya kutoa huduma juu ya mtandao, na ya maudhui. Teknolojia utakayotumia ni juu yako. Ndo maana unakuta kuna kampuni inamiliki minara tu, haina mteja hata mmoja wa vocha, mitandao ya simu inapanga humo kama wapangaji kwenye nyumba ya Kariakoo.

Kwa nini watu tuna laini tatu tatu?

Zamani kumpigia mtu wa mtandao mwingine ilikuwa inauma. Ukipiga kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, mtandao wako unamlipa mwenzake kwa kila dakika aliyoipokea, hiyo ndo gharama ya muingiliano, na TCRA ndo anayepanga. Iliposimama juu, makampuni yakaona bora wakupe ofa ya kuongea usiku kucha mkiwa mtandao mmoja kuliko kuwalipa washindani, na wewe ukaona bora uwe na laini ya kila ukoo: hii ya shemeji, hii ya kazini, hii ya mama.

Mwaka 2017 ilikuwa bado shilingi 26.96 kwa dakika. Januari 2018 ikashushwa 15.60, alafu kila mwaka ikapungua, 10.40, 5.20, 2.60, mpaka shilingi 2 mwaka 2022. Hukusikia sherehe yoyote si ndio? Lakini ndo iliyoleta bando za mitandao yote. Hakuna uamuzi uliowagusa watu wengi ukatangazwa kimyakimya kama huo.

Mazoea yamebaki lakini, simu za laini mbili bado ndo zinaulizwa kwanza dukani.

Bando langu linaisha haraka, wananiibia?

Sijui la kwako, naongelea linavyopangwa. Kwanza TCRA hapangi bei ya bando, anaweka uzio, chini na juu. Kwenye data aliweka kati ya shilingi 2.03 na 9.35 kwa megabaiti moja, ndani ya hapo kampuni inajipangia. Sasa angalia upana wa huo uzio, juu ni zaidi ya mara nne ya chini! Watu wanashangaa bei kupanda usiku mmoja na hakuna aliyevunja sheria, ndo hivyo.

Na sheria nzuri inaweza ikarudi kama ngumi. Aprili 2021 zilianza kanuni mpya ndogondogo zilizodaiwa na wananchi wenyewe: bando lililobaki uweze kuliendeleza, uweze kumgawia mwenzako, upewe taarifa linapokaribia kuisha, usiunganishwe bila ridhaa. Tarehe 2 tukaamka, bando la bei ileile megabaiti zimepungua vibaya, makampuni yamepanga upya yote. Ile asubuhi sikuuza kitu, watu walikuwa wanakuja kunionyesha tu simu zao kama vile mimi ndo nimekata, dada mmoja muuza vitumbua akaniambia nimrudishie buku yake au tusiongee tena. Jioni serikali ikasitisha, bei zikarudi zilivyokuwa.

La kukusaidia kweli ni dogo, zima video kujicheza zenyewe kwenye simu yako, na angalia programu zinazojisasisha usiku.

Nikiweka vocha ya buku, serikali inakula ngapi?

Chukua kwa mfano ushuru wa bidhaa wa asilimia 17, ule uliowekwa 2013, na VAT ya 18, na VAT inakatwa juu ya ushuru, siyo pembeni yake. Kwa hesabu hiyo buku yako inagawanyika hivi: huduma yenyewe kama 724, ushuru na VAT kama 276. Bado hapo kampuni haijalipa kodi zake nyingine wala mchango wa vijijini nitakaousema chini.

Hiyo 17 ina hadithi. 2013 walileta kodi ya laini, shilingi 1,000 kila mwezi kwa kila laini, uwe umepiga au hujapiga, bibi mwenye kitochi cha kupokea tu naye alipe. Nchi ikapiga kelele, ikafutwa, na ushuru wa muda wa maongezi ukapanda kutoka 14.5 kwenda 17. Kelele zikaisha. Funzo walilopata hapo wakubwa nadhani ni kwamba kodi ikionekana kwenye meseji inagombewa, ikijificha ndani ya bei inapita.

Sasa tozo za miamala mbona waliziweka wazi?

Ndo zikawakuta yaleyale. Julai 15, 2021 zikaanza, shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala, kutuma na kutoa, juu ya makato ya kawaida ya kampuni. Walisema ni za madarasa na vituo vya afya. Pale mwamvulini nilikuwa na mzee analeta hela ya mwanae chuo kila mwisho wa mwezi, mwezi ule akaangalia meseji ya makato, akavaa miwani, akaangalia tena, mwezi uliofuata akampa dereva wa basi bahasha. Septemba zikapunguzwa asilimia 30, mwaka uliofuata kiwango cha juu kikashushwa mpaka 4,000, na Julai 2023 ya kutuma ikafutwa.

Ninachowalaumu ni kimoja. Hela ya simuni ndo kitu ambacho nchi hii ilifanya vizuri sana. M-Pesa ilianza hapa 2008, na 2014 Tigo na Airtel wakaunganisha pochi zao mteja atume moja kwa moja, Vodacom akaingia 2016, wakati nchi nyingi bado ukituma mtandao mwingine mwenzio anapata meseji ya kwenda kuchukua kwa wakala kama telegramu. Benki Kuu iliwaacha wajaribu kwanza, sheria ya mifumo ya malipo ikaja 2015 kitu kimeshakua. Mti unaachwa ukue, ukianza kuzaa unakatwa tawi.

Kwa nini mlitusumbua na alama za vidole?

Siyo sisi bana. Usajili wa kawaida ulianza 2009 kwa kitambulisho chochote, ukabebwa na sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya 2010, ile wanaiita EPOCA, lakini laini zilikuwa zinasajiliwa kwa majina ya marehemu. Mei 2019 ikaanza ya vidole na namba ya NIDA, mwisho Desemba 31, ikasogezwa mpaka Januari 20, 2020. Wengi kitambulisho chenyewe hawakuwa nacho, walikuja na karatasi imeandikwa tarakimu 20 kwa kalamu, ukikosea moja unaanza upya.

Kazi ilikuwa kwa wakulima na wapasua kokoto. Vidole vimelika, mashine inakataa, unamfuta na kitambaa, unajaribu kidole gumba, cha kati, mkono wa pili, foleni nyuma inanung'unika. Kuna mama alijaribu vyote kumi, akanitazama akasema "kwani mimi siyo mtu?" Sikuwa na jibu la mfumo.

Piga *106# uone namba ngapi ziko kwa jina lako. Fanya leo, wengine wamekuta laini wasizozijua.

Kama tumesajiliwa wote, mbona "ile hela tuma kwenye namba hii" bado zinakuja?

Kwa sababu tapeli hasajili kwa kidole chake. Anamtafuta kijana, anampa hela kidogo, laini inatoka kihalali kabisa. Na mawakala wabovu wapo, sitetei wenzangu, unamwambia mteja kidole hakijakubali bonyeza tena, kumbe unamsajilia laini ya pili. Ikija meseji ya hivyo itume kwenda 15040 pamoja na namba iliyokutumia. Sheria ya kulinda taarifa binafsi tumeipata 2022 na tume yake ipo, ila ni changa.

Naweza kuhama mtandao na namba yangu?

Ndiyo, tangu Machi 1, 2017. Unaenda kwa wakala wa mtandao unaotaka kuhamia, siyo unaouacha, unatuma neno HAMA, basi. Toa kwanza hela yote kwenye pochi ya simu na lipa ulichokopa.

Zile simu feki zilizozimwa zinafufuka?

Hapana. Zilizimwa usiku wa Juni 16, 2016. Ukinunua simu mkononi mwa mtu bonyeza *#06# kwanza uone namba yake ya utambulisho (IMEI) kabla hujatoa hela.

Kijijini kwetu mnara unakuja lini?

Kampuni haipeleki mnara mahali wateja wataweka vocha ya jero kwa wiki, mafuta ya jenereta tu yanaila. Ndo maana kuna Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, sheria yake ni ya 2006, makampuni yanachangia sehemu ya mapato, alafu mfuko unatangaza zabuni: nani atajenga kata fulani kwa ruzuku ndogo zaidi. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 kwenye kata 713 kwa mpigo mmoja. Halotel ya Wavietnam, walipoingia Oktoba 2015, walikuja na mkakati tofauti, wakaanza na vijiji wenzao walikoruka, na kuna sehemu mpaka leo "simu" maana yake Halotel.

Kwetu mimi ni milimani Kilosa. Kulikuwa na kichuguu kimoja nyuma ya zahanati, ukipanda unapata vijiti viwili, watu wanapanga foleni pale jioni, na kila anayeongea anasikiwa na kijiji kizima, siri za ndoa zote zilitokea juu ya kichuguu. Siku hizi mnara upo, ila umeme ukikatika siku mbili mnara nao unalala, watu wanarudi kichuguuni. Kwa iyo ukiuliza mnara unakuja lini uliza na betri zake.

Mkongo wa Taifa unatuhusu nini sisi wa kawaida?

Kabla ya 2009 intaneti yetu ilikuwa inapanda angani kwa setilaiti, ghali na pole pole, sekunde moja ya ukimya ukiongea na ndugu aliyeko Muscat. Julai 2009 kebo ya SEACOM ikatua Dar, 2010 ikafuata EASSy. Lakini kebo kufika baharini haimsaidii mtu wa Kigoma, ndo serikali ikakopa China ikachimbia faiba kuzunguka nchi, huo ndo Mkongo wenyewe, na mikoa ikaunganishwa mpaka mipakani, Rwanda, Burundi, Zambia na wengine wanapitishia humo. Anayeusimamia ni TTCL, yani makampuni yanakodi njia kwa mshindani wao. Agosti 2022 TTCL walifikisha intaneti mpaka Horombo kule Kilimanjaro, mita 3,720 kutoka usawa wa bahari. Mtalii anapost picha, kichuguu chetu kinasubiri betri.

Zanzibar wao vipi?

Posta na simu ni jambo la Muungano, kwa iyo laini na namba ni TCRA huku na huko. Redio na televisheni za Zanzibar zina tume yao. Na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote unajenga minara hata visiwani.

Serikali ina ruhusa ya kuzima intaneti?

Imeshafanya, kwa iyo swali ni la wanasheria zaidi. Uchaguzi wa 2020 Twitter ilikuwa haifunguki bila VPN, yani programu ya kupita njia ya pembeni, Oktoba 2023 TCRA ikatoa tangazo wanaotumia VPN wajitambulishe, na Oktoba 29, 2025, siku ya kupiga kura, intaneti ilikatika nchi nzima na ikakaa siku kadhaa. Kanuni za maudhui za 2018 zilishamtoza mwenye blogu jumla ya shilingi milioni 2.1 kuanza, blogu nyingi zikafungwa.

Mimi naongea la mwamvulini. Zile siku nilikuwa nafungua simu kila asubuhi kuangalia kama imerudi, sina chochote cha kuuza, bando nani anunue. Vijana wa bodaboda wanaopata wateja kwa programu walikaa kijiweni wanacheza bao. Hakuna aliyenilipa zile siku na hakuna fomu ya kuombea.

Nikikatwa hela kimakosa naenda wapi?

Kwanza kampuni yenyewe, na uombe namba ya malalamiko, ukiondoka bila namba hujalalamika. Wasipokujibu unaenda TCRA na barua, kuna baraza la watumiaji linasaidia kuiandika, ukishindwa hapo kuna Baraza la Ushindani. Mimi niliwahi kukatwa elfu 40 na mtandao mmoja, sitautaja jina, kwa huduma ya vichekesho ambayo sijawahi kujiunga. Huduma kwa wateja wakaniambia nilijiunga saa tisa usiku. Nikawaonyesha meseji yao wenyewe ya kunikaribisha, imeingia saa nne asubuhi nikiwa nasajili mtu, hela ikarudi baada ya wiki tatu. Kwa iyo meseji za makato usizifute, hata kama simu imejaa, futa picha za harusi za watu.